Shahidi Aliyegeuza Mgongo

"Nimeuliza swali moja tu, Naite, na hilo rungu haliwezi kunijibu kwa niaba yako!"

"Mama, si nimekujibu?"

"Umejibu nini? Eti unapumzika. Nani anapumzika huku jasho linamtiririka mpaka kwenye viwiko? Liweke chini."

Naite hakuliweka. Alipiga mara tatu zaidi, harakaharaka, na gome lililolazwa juu ya gogo likapanuka, likawa jembamba kama ganda la kitunguu, halafu likachanika katikati. Akalitupa pembeni, juu ya magome mengine tisa yaliyochanika vivyo hivyo, akavuta jipya.

Seini aliyaokota yale yaliyochanika moja baada ya jingine, akayainua kwenye mwanga. Kazi yake ilikuwa kukagua maboga katika banda la kufungashia mizigo ya kwenda ng'ambo. Msimu kama huu maelfu ya maboga yalipita mikononi mwake, na alihitaji kugonga mara moja tu kujua lipi limeumia kwa ndani. Binti yake Seini alikuwa akimgonga kwa maswali kwa wiki ya tatu sasa, na bado hakujua. Jambo hilo lilimkera kuliko hata magome yaliyoharibika.

"Haya magome ni ya kikundi chetu cha akina mama," alisema. "Tulipatana yapondwe yawe ngatu, kitambaa cha arusi, kabla ya Krismasi. Wewe unaigeuza matambara ya kufutia meza."

"Nitamenya mengine."

"Sitaki umenye mengine, nataka kujua! Jumatatu mtihani wa takwimu ulianza saa tatu, ulikuwa uishe saa sita. Saa tano na nusu wewe uko hapa nyumbani unafua kiekie chako. Mkanda wa kiunoni wa kuvaa kanisani, unausugua na sabuni kama soksi. Nikakuuliza, ukasema umelowa mvua. Mwanangu, Jumatatu haikunyesha Tonga nzima. Nilikuwa nje na maboga asubuhi nzima, nikapitia hapa tu."

Rungu likabaki hewani.

Wakati huohuo Filimone alitokea kwenye pembe ya nyumba, bakuli mkononi, akitafuta kifungua kinywa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mdogo wa Naite kwa miaka mitatu, na tangu alipofika kimo cha dada yake alikuwa akilala kwenye kibanda cha nyuma, kama wavulana wote wenye dada. Alisikia neno "Jumatatu". Akageuka na bakuli lake tupu, akarudi alikotoka bila kusema hata habari za asubuhi.

Seini alimwona. Aliliweka jambo hilo kando, kama boga analotaka kuligonga mara ya pili.

"Nilitoka," Naite alisema.

"Ulitoka wapi?"

"Kwenye chumba cha mtihani. Sikumaliza, Mama. Hata ukurasa wa pili sikufungua." Alisema huku akiliangalia gogo. "Namba zilianza kutembea kwenye karatasi. Vidole vikafa ganzi. Moyo ukawa unakwenda hivi." Aligonga gogo kwa rungu, upesi upesi, mpaka kuku wakakimbia. "Nikajua nakufa. Tena nakufa mbele ya watu mia mbili. Nikatoka."

"Ukaenda wapi?"

"Nje."

"Nje ni pakubwa."

"Nyuma ya tangi la maji. Nikaugua kidogo, nikarudi nyumbani. Basi, umejua sasa."

Seini aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Alitaka kukasirika, lakini udadisi ulimwahi. Msichana huyu aliwahi kupanda jukwaani akiwa na miaka kumi akakariri sura nzima ya Isaya bila kukosea. Karatasi yenye namba imemfanyaje?

"Hiki kitu kinaitwaje?" aliuliza.

"Msongo. Wenzangu wote wanao."

"Wote wanakwenda nyuma ya tangi?"

Naite karibu acheke, akajizuia. Kisha, kwa kuwa mama yake hakuondoa macho, akaeleza lililobaki. Ipo fomu. Anayeugua wakati wa mtihani anaweza kupewa mtihani mwingine mwezi Januari, akirudisha fomu ndani ya siku tatu. Siku ya tatu ndiyo leo, na ofisi hufungwa saa kumi jioni. Fomu ilikuwa kwenye mkoba wake, ameijaza yote isipokuwa sehemu moja: barua ya daktari ya siku ileile, au maelezo ya mtu mzima aliyeshuhudia.

"Nani alikuona?"

"Hakuna mtu," Naite alijibu. Alijibu upesi mno.

"Na bila fomu?"

"Sifuri. Nitarudia mwaka."

"Mfadhili wako halipii mwaka wa kurudia. Ameandika hivyo, nimesoma mwenyewe. Bila fomu huna shahada, huna ualimu."

"Basi sina," Naite alisema, na rungu likashuka.

* * *

Seini alipiga simu bandani akamwambia msimamizi kwamba leo haji, na kwamba kama kuna boga la mtu litaoza kwa sababu hiyo, lioze. Kisha akavaa viatu vya kanisani na kwenda chuoni.

Karani wa mitihani alikuwa kijana mpole mwenye miwani, aliyekuwa akila muhogo wa kuchemsha nyuma ya kaunta. Alifungua daftari.

"Msimamizi wa chumba ameandika hivi: 'Mtahiniwa ametoka kwa hiari yake saa nne na dakika kumi.'"

"Kwa hiari yake! Alimwona usoni?"

"Aliona mgongo, mama. Wasimamizi huona migongo tu. Akipatikana mtu mwingine aliyeona, sawa. Saa kumi nafunga. Si dakika moja baadaye, maana saa kumi na dakika tano nina mazoezi ya kwaya."

Nje, chini ya kipaa cha bati, wanafunzi walikuwa wameketi wakingoja mtihani wa mchana. Seini aliwasogelea kama anavyosogelea lundo la maboga, bila kubisha hodi.

"Nani kati yenu alifanya mtihani humu Jumatatu asubuhi?"

Mikono kadhaa ikainuka, kwa adabu ya shule.

"Nani alimwona msichana akitoka? Melenaite, binti yangu."

Mikono ikashuka. Msichana mnene mwenye macho mekundu, jina lake Vaimoana, alimsogezea nafasi kwenye benchi. Alikuwa anatafuna tambi kavu kutoka kwenye pakiti, hazijapikwa, kra kra kra.

"Mama, humo ndani hatuonani. Mimi Jumatatu hata jina langu nililiandika mara mbili."

"Mbona unakula tambi mbichi? Kwenu hakuna moto?"

"Moto upo. Nikitafuna kitu kigumu kichwa kinanyamaza. Mwaka jana nilikuwa nakula barafu, jino likavunjika."

"Anakula kama panya, mama," alidakia kijana mrefu pembeni yake. "Usiku bibi yake akatega mtego."

"Wewe nyamaza, Sitaleki, na pumzi yako ya kava!"

"Kava ni mizizi tu, ni dawa," Sitaleki alisema. "Tunakaa kwenye klabu, tunaimba, tunakunywa. Ulimi unakufa, miguu inakufa, wasiwasi unakufa."

"Na mtihani?" Seini aliuliza.

"Na wenyewe unakufa," alijibu Vaimoana, na benchi lote likacheka, Sitaleki akiwa wa kwanza.

Seini alikuwa amekuja kutafuta shahidi, lakini sasa alisahau kidogo. Aliwageukia mmoja mmoja. Na wewe? Mmoja alisema anapanga viatu vyote vya nyumba nzima, halafu anavipangua. Mwingine anapanda basi mpaka mwisho wa kisiwa na kurudi, bila kushuka. Mwanamke mtu mzima, mama wa watoto wanne aliyerudi kusoma, alisema yeye hulia ndani ya gari kwa dakika kumi kamili, anaweka kengele ya simu, ikilia anafuta uso na kwenda kuchukua watoto.

"Dakika kumi zinatosha?"

"Hazitoshi. Lakini ndizo nilizonazo."

"Na mnawaambia nini nyumbani?"

Walitazamana.

"Nyumbani wanatuombea, mama," Vaimoana alisema. "Kwetu wamefunga kula tangu Jumapili kwa ajili yangu. Babu ana kisukari, na yeye kafunga. Sasa nikamwambie nini? Nikamwambie naogopa?"

Seini alikumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa amefunga Jumatatu. Alikuwa amemwambia Naite asubuhi ile, mlangoni, kwa sauti ya kutia moyo: sote tumefunga, hata shangazi yako.

Akasimama kuondoka. Sitaleki akasema, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, "Lakini mama, si umuulize Filimone?"

"Filimone aliona nini?"

"Sijui, mimi niliona migongo tu. Alikuwa dirishani, chumba hichohicho, kwenye mtihani wa mwaka wa kwanza. Dada yake alipotoka, naye akasimama. Msimamizi akamwambia, ukitoka hurudi. Akatoka. Kalamu aliiacha mezani, mimi ndiye niliyeichukua." Alitoa kalamu ya bluu mfukoni. "Mrudishie."

Seini aliipokea. Alirudi ndani kwa karani akaomba fomu nyingine tupu, akaikunja pamoja na ile kalamu ndani ya mkoba wake.

* * *

Alimkuta Filimone kwenye kibanda chake, amelala chali na viatu miguuni. Kepueli, baba yake, alikuwa amerudi kutoka shambani na alikuwa mlangoni akikwangua udongo kwenye panga.

Seini aliiweka kalamu juu ya kifua cha kijana.

Filimone aliitazama, akakaa.

"Ulitoka kwenye mtihani wako," Seini alisema.

"Ndiyo."

"Ukatuambia umefanya vizuri."

"Nilisema nimefanya. Sikusema vizuri."

"Usinichezee. Ulimfuata dada yako. Uliona nini?"

Shingo ya kijana ikawa nyekundu mpaka masikioni. "Mama, usiniulize hilo."

"Nakuuliza."

"Ni dada yangu."

"Najua ni dada yako, nimemzaa mimi! Pana fomu inahitaji mtu aliyeona. Saa nane sasa. Andika ulichoona, nipeleke."

"Hataandika," Kepueli alisema kutoka mlangoni. Hakupandisha sauti. "Unataka mvulana aketi aandike mwili wa dada yake ulifanya nini? Karatasi ikae ofisini, kila karani aisome? Mimi na dada yangu Losaline tumekua nyumba moja, na mpaka leo sijawahi kutamka mbele yake hata kwamba tumbo linaniuma."

"Basi arudie mwaka? Wote wawili warudie?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema nini basi?"

"Nimesema hataandika."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Seini alikosa pa kugonga. Mumewe hakuwa mkaidi. Alikuwa sahihi, na kijana alikuwa sahihi, na msichana kule uani alikuwa anaendelea kuponda magome. Angeweza kumfokea Kepueli mpaka jua lizame. Lakini yuko mtu mmoja tu ambaye Kepueli na watoto wake wote walimtii bila kujibu, naye hakuwa Seini.

Akachukua simu. "Wifi," alisema, "acha unachofanya, uje."

* * *

Shangazi Losaline alifika na teksi, akiwa na upepeo, na mkoba, na njaa. Alikuwa dada mkubwa wa Kepueli, na katika nyumba hii neno lake lilikuwa juu ya la baba. Alipoingia, Kepueli aliacha kiti na kuketi mkekani. Aliletewa viazi vikuu na samaki, akala kwanza, akimsikiliza Seini, na hakutikisa kichwa hata mara moja mpaka mfupa wa mwisho.

"Niitieni Naite."

Filimone akaondoka kwa mlango wa nyuma, Naite akaingia kwa wa mbele, unga wa magome mikononi. Aliketi chini mbele ya shangazi yake.

"Nina swali," Losaline alisema. "Huo msongo unakaa wapi? Kichwani au tumboni?"

Naite alishangaa. Siku tatu zote alikuwa amejitayarisha kwa maswali mengine.

"Unaanzia hapa, Shangazi," alisema akigusa chini ya koo. "Halafu unashuka."

"Una uzito?"

"Hauna uzito. Una kelele. Kama watu wengi wanaongea chumba cha pili, na wote wanakutaja wewe."

"Na ukiponda magome?"

"Siwasikii. Na gome..." Alisita. "Gome nikilipiga linapanuka. Linafanya ninachotaka. Hakuna kitu kingine kinachofanya ninachotaka."

"Lakini unaliponda mpaka linachanika."

"Siwezi kuacha, Shangazi. Nikiacha tu, wanaanza tena."

Losaline alijipepea. "Mimi nilipoongoza kwaya mara ya kwanza mbele ya mfalme nilijifungia chooni. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu. Walinitoa kwa kubomoa kitasa." Kepueli aliinua kichwa, hakuwahi kusikia habari hiyo maishani. "Wewe tazama chini," dada yake akamwambia, naye akatazama chini. "Sasa, Naite. Mdogo wako aliona. Unajua hilo?"

"Najua," Naite alisema kwa sauti ndogo. "Nilipoinuka nilimwona. Nilidhani amemaliza mtihani wake, anapita. Shangazi, nakuomba asiulizwe. Nirudie mwaka, nikafanye kazi bandani na Mama, sijali. Lakini asiandike. Nitamtazamaje? Atakaa vipi meza moja na mimi?"

Seini hakungoja. Alitoa fomu ya pili kutoka mkobani, tupu, akaiweka mkekani.

"Hii ni yake," alisema. "Hakuwa amemaliza. Alitoka kwa ajili yako, wakamzuia kurudi. Naye ana sifuri. Sababu yake ni wewe. Yako isipofika, ya kwake haina maana."

Naite aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Nje kuku alikuwa anadonoa kwenye gogo, tok, tok, na hakuna aliyemfukuza.

"Hakusema," Naite alisema mwishowe.

"Angesemaje?" Kepueli alisema kutoka mkekani. Lilikuwa jambo la kwanza alilolisema tangu dada yake aingie, na lilimtoka kwa shida.

"Saa tisa kasorobo," alisema Seini.

Naite aliinuka. Alichukua fomu ya mdogo wake na kalamu, akaandika sehemu ya shahidi amesimama, karatasi akiiegemeza ukutani. Aliandika mistari minne, akasaini, akaikunja mara mbili ili isisomeke.

"Mwambieni aseme yote," alisema. "Mimi nakwenda kuponda. Nitaponda kwa nguvu. Nikiwa naponda sisikii kitu." Mlangoni akageuka. "Na mkimaliza, Mama, usinisomee. Nionyeshe tu pa kusaini."

* * *

Rungu lilianza uani. Filimone aliketi mbele ya shangazi yake, pale palipokuwa na joto la dada yake. Seini alishika kalamu, fomu ya Naite mapajani.

"Sema," Losaline alisema.

Filimone alisikiliza kwanza. Rungu liligonga, likagonga, halikupumzika. Alisema kwa kuunganisha maneno na yale mapigo, akitazama mkeka.

"Alitoka saa nne na dakika kumi. Niliona ameshika ukuta. Nikatoka. Alianguka kwenye nyasi nyuma ya tangi. Nikageuka, nikampa mgongo, nikasimama hapo. Nilimsikia anatapika mara tatu. Nilimsikia anatafuta pumzi. Ilikuwa kama mtu anayezama." Rungu lilisita, gome lilikuwa linabadilishwa. Filimone akanyamaza palepale, mdomo wazi. Rungu likarudi. "Walikuja watu wawili kuchota maji. Nikawaambia bomba bovu. Akaja mwalimu, nikamwambia nangoja rafiki. Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Zilipopungua nikajua anapona. Kama dakika ishirini na tano."

"Kwa nini hukuita mtu?" Seini aliuliza. Aliuliza si kwa kumlaumu. Alitaka kujua kweli.

"Ningemwambia nini, Mama? Ningeanza na neno lipi? Alipoondoka nilijaza ndoo, nikamwaga maji pale alipokuwa. Mara mbili. Ili mtu asione."

Kalamu ya Seini ikasimama. Alikiona kile kiekie kwenye kamba, Jumatatu, kikichuruzika juani siku isiyo na mvua.

"Hilo haliandikwi," alisema.

"Haliandikwi," Losaline akakubali, na upepeo wake ukafunika uso kwa muda.

Filimone alisaini. Kisha akajaza fomu yake, sehemu ya dada yake akiiacha imekunjwa. Seini aliikunja karatasi ya Naite, akatoka uani, akaifunua upana wa kidole kimoja tu upande wa chini. Naite alishikilia rungu kwa mkono mmoja na kusaini kwa mwingine. Gome lililokuwa juu ya gogo lilikuwa zima, pana, jembamba sawasawa kila upande. Seini alilipitia kwa macho, kwa mazoea. Hakuona kasoro.

"Panda gari," alisema.

* * *

Pikapu ilikuwa na betri iliyochoka. Kepueli, ambaye hakuna aliyemwomba, aliweka panga chini na kusukuma kwa bega mpaka barabarani, Filimone akisukuma upande wa pili. Injini ilipokohoa na kuwaka, kijana aliruka nyuma, akaketi kati ya maboga mawili yaliyosahaulika, mgongo kwenye kioo. Naite alikaa mbele na mama yake. Shangazi Losaline alibaki mlangoni akipunga upepeo kama mtu anayefukuza mbuzi. "Nendeni! Nendeni!"

Walifika saa kumi kasoro dakika saba. Karani alikuwa ameshavaa shati la kwaya.

"Ingia," Seini alimwambia binti yake. Yeye alibaki kwenye ngazi, ingawa miguu yake yote miwili ilitaka kuingia.

Kupitia mlango uliokuwa wazi alimsikia karani akipekua.

"Umesoma maelezo ya shahidi wako?"

"Sijasoma."

"Lazima uthibitishe kwamba ni kweli, dada."

Naite aligeuka. Kutoka kwenye kaunta pikapu ilionekana yote, na nyuma yake kijana amekaa wima, mgongo wake umeelekea ofisini, akitazama barabara kana kwamba kuna mtu wa kumzuia asipite.

"Ni kweli," alisema.

Muhuri ukagonga.

Naite alitoka. Alipofika kwenye ngazi hakumwita mdogo wake kwa jina wala hakumtazama. Aliushika mlango, akauacha wazi, akasimama kando yake akitazama upande mwingine. Filimone aliruka chini, akapita akiwa ameinamisha kichwa, karatasi iliyokunjwa mara mbili mkononi.

"Na wewe," karani aliuliza, "umesoma?"

"Hapana. Ni kweli."

Muhuri ukagonga tena.